Umeongeza RAM na kadi ya grafiki, kompyuta imegoma: tuanzie dalili unayoiona

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, ni mashine zilizotolewa maofisini: Dell OptiPlex 790, 7010 na 9020, HP Compaq 8200 na 8300, HP EliteDesk 800 G1. Zilitoka kiwandani miaka ya 2011 hadi 2014 hivi, na ukiziongezea RAM na kadi ndogo ya grafiki zinahariri video, zinachora ramani za nyumba na zinacheza gemu za kawaida bila shida. Ndiyo maana nazipenda na nawashauri watu wasizitupe.

Tatizo linakuja baada ya kufunga vifaa vipya. Mashine iliyokuwa ikiwaka asubuhi sasa imekufa, na mwenye nayo anaamini ameuziwa kadi mbovu. Katika mashine zinazofika mezani kwangu, vifaa vibovu kweli ni vichache. Vingi ni vizima ila haviendani na mashine: RAM ya seva, kadi inayotaka umeme mwingi kuliko uliopo, kebo iliyochomekwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo usinunue kitu kingine kabla hujamaliza ukaguzi usiogharimu hata shilingi.

Na jambo moja naliomba sana: usifunge RAM na kadi kwa pamoja. Funga RAM, washa, tumia siku nzima. Ikikaa sawa ndipo ufunge kadi. Ukifunga vyote kwa mkupuo na mashine ikagoma, utakuwa umejipa kazi mara mbili.

Kila unapofungua kesi, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kesi kabla ya kushika kifaa chochote. Pawa saplai yenyewe, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kesi, usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda, na umeme huo unaua.

Haiwaki kabisa, au inawaka sekunde moja na kuzima

Anza na plagi kubwa ya pawa saplai kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na ile ndogo ya volti 12 karibu na prosesa. Ukiwa unapambana kuingiza kadi kwenye kesi nyembamba, mkono husukuma nyaya hizi bila wewe kujua. Zikandamize mpaka zibane.

Kisha toa kadi mpya na RAM mpya, rudisha za zamani, washa. Ikiwaka, mashine haijafa. Rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi. Kadi ndiyo inayoizima? Angalia kama ina tundu la umeme la pini 6 au 8 ulilolisahau, na kama bano lake la chuma halijagusa kitu kwenye madabodi.

Kama ulibadilisha na pawa saplai ili ibebe kadi kubwa, sababu inaweza kuwa hapo. OptiPlex 9020 inatumia plagi kuu ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6, wakati pawa saplai za kawaida madukani zina pini 24. Zipo kebo maalumu za kubadilisha, ya Dell yake na ya HP yake, na hazibadilishani. Usikate nyaya na kuunga mwenyewe kwa kufuata rangi, kwa sababu rangi si hakikisho. Hiyo mpe fundi mwenye mita.

Imerudishiwa vifaa vya zamani na bado haiwaki, au kuna harufu ya kuungua? Simama hapo. Usiendelee kuwasha "kujaribu tu".

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi dawa yake ni ya nusu dakika.

Kwanza, kebo ya monita iko wapi? Mashine hizi zikiona kadi kwenye sloti huzima grafiki ya ndani zenyewe. Kebo ikibaki kwenye tundu la zamani la madabodi, hutaona kitu. Ihamishie kwenye kadi.

Pili, kiadapta cha VGA. Monita nyingi za mtumba zina VGA, tundu la picha la kizamani, peke yake, na kadi za NVIDIA kuanzia GTX 1050 na wenzake wa 2016 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Tazama tundu la DVI la kadi kwa karibu: upande mmoja kuna mwanya mmoja mrefu uliolala. Kama mwanya huo umezungukwa na vitundu vinne, viwili juu na viwili chini, hiyo ni DVI-I na kiadapta cha kawaida kitafanya kazi. Kama mwanya uko peke yake, hiyo ni DVI-D, na kile kiadapta kidogo cha bei rahisi hakitatoa picha hata ukikibadilisha mara kumi, kwa sababu ndani yake ni nyaya tu. Nunua kiadapta cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani yake. Kadi nyingi nzima zimerudishwa dukani kwa sababu ya kitundu hiki.

Tatu, RAM haijakaa. Itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe, futa unga wake, puliza vumbi kwenye sloti, irudishe na ukandamize mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kwenye HP Compaq 8200 na 8300 lazima sloti nyeusi iwe na RAM. Ukiiacha wazi na kujaza nyeupe, mashine haitaamka.

Nne, RAM si ya aina yake, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa za watu zinapopotea. Mashine nilizozitaja zinatumia DDR3. Ya DDR2 ina pini 240 kama DDR3 lakini pengo lake la katikati liko mahali tofauti, na DDR4 ina pini 288. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Inayodanganya ni ile inayoingia vizuri na bado haifanyi kazi. Soma lebo. Utakuta maandishi kama "4GB 2Rx8 PC3-12800U". Namba 12800 ni kasi, ndiyo ile ya 1600. 10600 ni ya 1333. Herufi ya mwisho ndiyo mwamuzi: U ni RAM ya kompyuta ya mezani, R ni ya seva. RAM ya R inauzwa rahisi mno kwa sababu seva za zamani zimejaa sokoni, lakini mashine hizi haziikubali kabisa. Ukikuta x4 badala ya x8, iache pia. Hizo ama ni za seva, ama ni zile zinazouzwa kwa ajili ya mashine za AMD tu. Yenye PC3L haina shida, ni ya volti 1.35 na inavumilia 1.5 ya madabodi za zamani. Kipande kimoja cha DDR3 chenye 16GB usikinunue, kwa sababu prosesa za Intel za enzi hiyo zinasoma mpaka 8GB kwa kila kipande.

Tano, BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayoamsha mashine kabla ya Windows. Kadi mpya kwenye BIOS ya zamani inaweza kukataa kutoa picha. Rudisha mashine ilivyokuwa, pakua BIOS ya mwisho kwenye tovuti ya Dell au HP kwa modeli yako kamili, sasisha, kisha ndipo urudishe kadi. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, madabodi inaweza kufa palepale, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na UPS (betri ya akiba), na siku za mgao ahirisha. Ukikuta hatua hii inakutia hofu, fundi ataifanya kwa muda mfupi na gharama yake ni ndogo kuliko ya madabodi.

Kama mashine inapiga mlio, ihesabu. OptiPlex za wakati huo zikipiga mara 2 zinasema hazioni RAM, mara 4 RAM ni mbovu, mara 5 betri ya saa imekwisha, mara 6 shida iko kwenye kadi ya grafiki. HP humulika taa nyekundu huku zikilia: mara 4 ni umeme, mara 5 ni RAM, mara 6 ni grafiki. Hesabu hiyo inakuokoa kubahatisha.

Kama yote yameshindikana, chomoa umeme, toa betri ya saa, ile ya duara ya CR2032 kwenye madabodi, kwa dakika chache, irudishe. Ikiwa imekaa humo zaidi ya miaka kumi, weka mpya.

Inawaka lakini inaleta ujumbe kabla ya Windows

Dell itakuambia kiasi cha RAM kimebadilika, au kwamba mfuniko ulifunguliwa. Si ubovu. Ingia BIOS, hakikisha kiasi ni sahihi, hifadhi, toka. Saa ikirudi nyuma kila unapowasha, ni betri ile ile ya CR2032.

RAM haionekani yote

Umeweka 8GB, Windows inasema 4GB, au inasema 8GB na mbele yake kwamba inayotumika ni 3 na ushee. Sababu ya kawaida ni Windows ya biti 32, ambayo haivuki 4GB hata ukijaza sloti zote. Hakuna mpangilio wa kuirekebisha. Lazima uweke Windows ya biti 64 upya, na kabla ya hapo nakili mafaili yako. Windows 7 Home Basic hata ya biti 64 inaishia 8GB.

Kama Windows ni ya biti 64, andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafuta, fungua sehemu ya kuwasha mashine (Boot), nenda kwenye chaguo za ziada (Advanced options). Kuna kisanduku cha kuweka kikomo cha RAM. Kikiwa na alama ya vema, kiondoe. Wapo wanaokijaza wakiamini kinaongeza kasi.

Kisha tazama BIOS. Kama na yenyewe inaona pungufu, Windows haina kosa. Badilisha vipande kati ya sloti: kipande kikigoma kila mahali, ni kibovu, sloti ikigoma kwa kila kipande, shida ni sloti au soketi ya prosesa. Madabodi ina kikomo chake pia. OptiPlex 7010 ina sloti nne na inafika 32GB, lakini OptiPlex 390 ina mbili na Dell waliiandikia 8GB. Sloti mbili za upande mmoja zikifa pamoja, mara nyingi pini ndani ya soketi ya prosesa zimepinda. Usizinyooshe kwa sindano nyumbani. Hizo zinanyooshwa chini ya lenzi na mtu mwenye mkono uliozoea.

Kupungua kwa megabaiti chache ni kawaida, grafiki ya ndani inazikopa.

Inazima au kujiwasha upya ukifungua gemu au video nzito

Mashine ikikaa kwenye Word masaa bila shida halafu ikazima dakika chache baada ya gemu kuanza, fikiria umeme kabla ya kitu kingine. OptiPlex 7010 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, ya tawa (kesi pana ya kusimama) ina 275. Hizo zinalisha prosesa, diski na vyote. Sloti ya grafiki kwa kanuni hutoa mpaka wati 75, na baadhi ya kesi nyembamba hutoa chini ya hapo, kwa hiyo soma maelezo ya modeli yako. Kadi zinazokaa salama humo ni kama GT 1030 ya wati 30, na kwenye tawa GTX 1050 Ti au GTX 1650 za wati 75 zisizo na plagi ya ziada. Angalia kadi yenyewe, kwa maana hata 1050 Ti na 1650 kuna zilizowekewa pini 6. GTX 1060 ni wati 120 na RX 580 ni 185. Hizo si za pawa saplai hii, hata muuzaji akikuapia.

Hapa nina onyo ambalo nalisema kwa kila mteja. Kuna kebo inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuipa kadi pini 6. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Pini 6 za kadi zinaweza kuvuta 75. Plastiki inapata moto, inalainika, inayeyuka, na moto kuwaka ndani ya kesi ni jambo linalotokea kweli. Ukiikuta kwenye mashine yako, zima sasa hivi, chomoa, na kama plagi imebadilika rangi kuwa kahawia, pawa saplai yote ikaguliwe na fundi. Kadi inayodai pini 6 inahitaji pawa saplai yenye waya huo tangu kiwandani.

Joto ni la pili. Kadi ya mtumba huja na vumbi lililoganda kwenye mapezi kama blanketi, na gundi ya joto iliyokauka. Puliza nje, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Pima joto kwa programu ya GPU-Z wakati gemu linaendelea: kadi za GTX 10 huanza kupunguza kasi karibu nyuzi 83, na hapo bado ni salama. Ikipita 90, simamisha gemu. Kubadilisha gundi ya joto ni kazi unayoweza kuifanya kama una subira na skrubu hazitakupotea.

Umeme wa ukutani unaopanda na kushuka huja mwisho. Jaribu mashine kwenye nyumba nyingine kabla hujanunua stabilaiza.

Skrini ya buluu, programu zinajifunga bila sababu

Ikianza baada ya kuongeza RAM, toa mpya utumie ya zamani siku moja. Ikitulia, umepata jibu nusu. Sasa weka mpya peke yake. Ikitulia pia, vipande viwili hivyo havipatani. Kuchanganya kasi mbili kwa kawaida hakuna shida, vyote hushuka kwenye kasi ya chini, lakini vipo visivyoelewana kabisa, na dawa ni kununua viwili vya kampuni moja na namba moja.

Kupima kwa uhakika, weka MemTest86 kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi hiyo, uiache usiku kucha na kipande kimoja kimoja. Hata kosa moja jekundu linatosha kukikataa kipande. RAM yenye makosa huharibu mafaili kimyakimya wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo usiivumilie kwa kuwa "inatokea mara mojamoja".

Picha ni kubwa na za kukwaruza, au Windows haiitambui kadi

Driva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, haijaingia. Iondoe ya zamani kwa programu ya DDU ukiwa kwenye hali salama (Safe Mode), kisha weka ya kadi yako kutoka kwa NVIDIA au AMD wenyewe. GT 710 na GT 730 nyingi zinaishia kwenye driva za 470, mpya zaidi zitakataa. Windows ya biti 32 haipati tena driva mpya za NVIDIA tangu 2018.

Driva sahihi ikikataa kabisa, shuku kadi bandia. Kuna GTX 1050 Ti zilizozagaa ambazo ndani ni GTS 450 ya 2010 iliyoandikwa jina jipya. GPU-Z huzitambua na kuandika FAKE mbele ya jina. Hiyo haina matengenezo. Irudishe ulikonunua, ukiwa na picha ya skrini.

Imekubali vyote, lakini bado nzito

Fungua Task Manager. Diski ikiwa asilimia 100 muda wote, RAM haikuwa tatizo lako. Diski ya kuzunguka ndiyo inayokuchelewesha, na SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya 240GB itakupa nafuu utakayoiona siku hiyohiyo. RAM ikiwa kipande kimoja, weka viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake ya memori (channel). Grafiki ya ndani hasa hufaidika. Kadi ikiwa polepole, tazama kwenye GPU-Z kama imeandikwa x16 au x4, yaani idadi ya njia za data kati ya kadi na madabodi. OptiPlex 7010 ina sloti mbili ndefu zinazofanana, ya buluu ni kamili na nyeusi ni x4. RX 6400 yenyewe hutumia x4 popote uiwekapo, kwa hiyo kwenye mashine za prosesa kama i5-2400, zenye PCIe 2.0 (toleo la zamani la sloti ya kadi), inapoteza nguvu nyingi. Mwenye mashine hiyo achukue 1650.

Mistari, madoa ya rangi, vigae vigae kwenye skrini

Badili kebo, kisha badili monita. Vikiendelea, jaribu kadi kwenye mashine nyingine. Kama madoa yanaonekana hata kwenye skrini ya BIOS, kabla ya Windows, driva haihusiki. Memori ya kadi au chipu yake imechoka, hasa ikiwa kadi ilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali.

Utaambiwa ipashwe moto kwa hita au iwekwe ovenini. Usikubali. Huenda ikaamka kwa wiki chache, halafu ikafa, na kuiweka kwenye oveni ya chakula huacha mvuke wa kemikali pale mnapopikia. Kubadilisha chipu za memori kunawezekana kwa fundi mwenye mashine ya BGA, ya kung'oa na kuunga chipu, lakini kwa kadi za daraja hili gharama yake mara nyingi inazidi bei ya nyingine. Muulize bei kwanza, na kadi ikiwa bado kwenye siku za dhamana, usiifungue skrubu hata moja.